Amri Itokayo Ubongoni: Somo Juu ya Homoni za Wadudu na Kaa

Mtu aliyekulia kwenye miteremko ya Kilimanjaro, iwe ni Machame, Kibosho, Old Moshi au Marangu, anaujua mfongo. Ni ule mfereji uteremshao maji ya mlima mpaka vihambani, penye migomba na kahawa. Watoto wanaotumwa kuchota maji humo hukuta mara kwa mara ganda la kaa limelala juu ya mchanga, na aghalabu husema: kaa amekufa. Lakini ukilichukua ganda lile ukalitazama kwa makini utaona mambo mawili ya kustaajabisha. Kwanza, ndani ni tupu kabisa, hakuna nyama wala harufu ya uvundo. Pili, kila kiungo kimo: magando, miguu yote, na hata utando mwembamba uliokuwa umefunika macho. Pana ufa mmoja tu upande wa nyuma, mahali ambapo mgongo unakutana na tumbo.

Mwenye ganda hakufa. Alitoka kinyumenyume kwa kupitia ufa ule, na wakati mtoto anaposhika ganda lake, yeye amejificha chini ya jiwe hatua chache kutoka hapo, mwili wake ukiwa laini na dhaifu, akingoja ganda jipya liwe gumu. Kaa hawa wa maji baridi wamejulikana kwa wataalamu tangu zamani. Aina moja hubeba jina la Harry Johnston, Mwingereza aliyefika Kilimanjaro mwaka 1884.

Sababu ya kujivua ni nyepesi kufahamika. Sisi wanadamu tuna mifupa ndani na nyama nje, basi mifupa hukua pamoja na mwili. Kaa, kamba, nzige, mende na kiwavi wameumbwa kinyume chake: mfupa wao ni ganda la nje. Ganda likisha kuwa gumu halikui tena. Mwenye kukaa ndani yake akitaka kukua hana budi kulivunja, atoke, ajitanue upesi wakati mwili ungali laini, kisha atengeneze jingine. Kazi hii ni ya hatari kubwa. Akijivua kabla ganda jipya halijatengenezwa chini ya lile la zamani, atakufa. Akichelewa, atabanwa. Akijivua mahali pa wazi, ataliwa. Kwa hiyo lazima iwepo amri, na amri hiyo ifike katika kila sehemu ya mwili kwa saa moja. Je, amri hiyo hutoka wapi? Hilo ndilo somo letu.

Mtu wa kwanza kulijibu swali hili kwa majaribio alikuwa Stefan Kopeć wa Poland, ambaye habari za kazi yake zilichapishwa kati ya mwaka 1917 na 1922. Vyombo vyake vilikuwa uzi na kisu kidogo. Alichukua viwavi wa nondo mmoja wa Ulaya alaye majani ya miti, akawafunga uzi katikati ya mwili, akaukaza mpaka damu ya mbele isiweze kwenda nyuma. Alipowafunga mapema, sehemu ya mbele iligeuka kuwa bundo, yaani kile kifuko kigumu ambamo kiwavi hugeuka nondo, na sehemu ya nyuma ikabaki kiwavi vile vile. Alipowafunga siku chache baadaye, sehemu zote mbili ziligeuka. Basi ikawa dhahiri kwamba kitu fulani kilikuwa kikitoka mbele kwenda nyuma, na kwamba katika wale waliochelewa kufungwa kilikuwa kimekwisha kupita.

Kopeć hakutosheka na hapo. Aliwakata viwavi wengine ule uzi mkuu wa mishipa ya fahamu upitao tumboni, bila kuwafunga. Nao wakageuka bundo kama kawaida. Kumbe habari haikupita katika mishipa ya fahamu bali katika damu. Kisha akawatoa wengine ubongo. Kiwavi asiye na ubongo, jambo ambalo msomaji anaweza kulionea shaka, anaweza kuishi siku nyingi. Lakini wale waliotolewa ubongo mapema hawakugeuka bundo. Hitimisho lake lilikuwa moja tu: ubongo wa mdudu hufanya kazi ya tezi. Unamwaga kitu ndani ya damu.

Wakati ule neno hili lilikuwa zito kukubalika. Ilifundishwa kwamba mishipa ya fahamu hupeleka habari mbio kama waya wa simu, na tezi hutoa homoni polepole kama mjumbe aendaye kwa miguu, na kwamba haiwezekani seli moja ifanye kazi zote mbili. Kopeć mwenyewe hakuishi kuona maoni yake yakishinda, maana aliuawa na Wajerumani mwaka 1941 wakati wa Vita Kuu ya Pili. Walioendeleza jambo hili walikuwa mtu na mkewe, Ernst na Berta Scharrer. Mume alizieleza mwaka 1928 seli za ubongo wa samaki ambazo zilijaa chembechembe kama za tezi. Mke akalitafuta jambo lile lile katika wanyama wasio na uti wa mgongo. Walihama Ujerumani mwaka 1937 kwenda Marekani, na kwa kuwa Bibi Berta hakupewa mshahara wala fedha za utafiti, alichagua mnyama asiyegharimu kitu: mende. Katika kichwa cha mende aliziona seli za ubongo zikitengeneza homoni, zikaiteremsha ndani ya nyuzi zao ndefu mpaka kwenye vifuko vilivyo nyuma ya ubongo, na hapo ikawekwa akiba mpaka saa ya kumwagwa. Leo hakuna anayebisha. Hata sisi wanadamu tunazo seli za namna hiyo chini ya ubongo wetu.

Tuueleze sasa mpango wenyewe. Katika mdudu, ubongo unapopata habari kwamba mwili umeshiba na umebana, hutoa homoni ya kwanza. Hiyo haimvui mdudu ganda. Kazi yake ni kuziamsha tezi mbili zilizomo kifuani, nazo hutoa homoni ya pili, iitwayo ekdisoni, ambayo ndiyo huziamuru seli za ngozi zijitenge na ganda la zamani na kuanza kutengeneza jipya. Homoni hii ya pili ilipatikana ikiwa safi mwaka 1954, kwa kazi ya Adolf Butenandt na Peter Karlson huko Ujerumani. Walisaga kilo 500 za mabundo ya viwavi wa hariri, wakapata miligramu 25 tu, yaani kiasi ambacho kingeweza kukaa juu ya ncha ya kisu. Kutokana na hayo msomaji apime jinsi amri hii ilivyo ndogo na nguvu zake zilivyo kubwa.

Lakini kujivua peke yake hakutoshi. Kiwavi hujivua mara kadhaa akibaki kiwavi, kisha mara moja hujivua akawa bundo. Nani anayempambanulia? Ni homoni ya tatu, itokayo katika vitezi viwili vidogo nyuma ya ubongo, ambayo Vincent Wigglesworth wa Uingereza aliichunguza kuanzia miaka ya 1930 kwa kutumia kunguni mkubwa wa Amerika ya Kusini anyonyaye damu. Tunaweza kuiita homoni ya uchanga. Maadamu imo katika damu, kila kujivua huleta mtoto mkubwa zaidi. Inapopungua, kujivua huleta mtu mzima.

Wigglesworth huyo alikuwa na mwanafunzi wake huko Cambridge, mwana wa Afrika ya Mashariki, Thomas Odhiambo, aliyezaliwa Kenya mwaka 1931 na kusoma Makerere. Odhiambo alizichunguza tezi za nzige wa jangwani. Mwaka 1966 alitangaza kwamba dume akiondolewa vile vitezi vya nyuma ya ubongo hulimbikiza mafuta mwilini na kupunguza mwendo wake. Mwaka 1970 akaanzisha Nairobi kile kituo cha kimataifa cha elimu ya wadudu kijulikanacho kwa jina la ICIPE, akakiongoza kwa miaka mingi, na kufariki mwaka 2003. Nayataja haya kwa sababu vijana wetu mara nyingi husoma elimu ya homoni kama kwamba yote ilitoka ng'ambo.

Turudi kwa kaa wetu wa mfongoni, maana kwake mpango umepangwa upande wa pili. Macho ya kaa yamesimama juu ya vikonyo, na ndani ya kila kikonyo imo sehemu ya mfumo wa fahamu pamoja na kifuko cha homoni. Mwaka 1905 mtaalamu wa Marekani, Charles Zeleny, alieleza kwamba kaa mdogo akikatwa vikonyo vya macho hujivua mapema kuliko desturi. Ubongo wa kiwavi ukiondolewa, kujivua hukoma. Kikonyo cha kaa kikiondolewa, kujivua huharakishwa. Sababu ni kwamba homoni ya kikonyoni ni breki. Huizuia tezi ya kujivua mpaka hapo maji, chakula na maficho vitakapofaa, kisha breki hulegezwa na ekdisoni, ile ile ya kiwavi au ndugu yake wa karibu sana, humwagika katika damu.

Watu wa pwani wanaofuga kamba kwa biashara wanaitumia siri hii, pengine bila kujua asili yake. Mahali pengi duniani panapototoleshwa kamba, jike hubanwa au hukatwa kikonyo kimoja cha jicho, kwa kuwa humo imo breki nyingine izuiayo mayai kukomaa; kikiondolewa, hutaga upesi. Njia hiyo inaleta faida, lakini ni ya ukatili, na wafugaji wengine wameanza kuiacha na kuchagua kamba watagao bila kukatwa. Mimi naona hao wa pili wamefuata njia bora.

Undugu baina ya kamba na mdudu umethibitishwa kwa namna ambayo haikutazamiwa. Mwaka 1972 wataalamu wa Sweden walisoma muundo wa homoni itokayo katika vikonyo vya macho ya kamba wa bahari ya kaskazini. Homoni hiyo hukusanya rangi nyekundu ya ngozi mahali pamoja, na kamba akawa mweupe-mweupe. Ni mnyororo mfupi wa viungo 8. Mwaka 1976 wataalamu wengine walisoma muundo wa homoni ya nzige ambayo kazi yake ni kuyatoa mafuta katika akiba ya mwili na kuyapeleka kwenye misuli ya mbawa. Nzige aanzapo kuruka hutumia sukari, lakini baada ya muda wa kama nusu saa sukari hupungua, naye huendelea kwa mafuta. Bila homoni hiyo asingevuka hata mkoa mmoja, achilia mbali bahari. Huo nao ni mnyororo mfupi, wa viungo 10. Walipoilinganisha miwili hii waliona kwamba inafanana mno, hata ya nzige ikiingizwa kwa kamba hubadili rangi yake, na ya kamba ikiingizwa kwa nzige huyatoa mafuta. Barua ni moja, ila wasomaji wawili wameifahamu kila mmoja kwa haja yake.

Na kwa kuwa tumemtaja nzige, wasomaji wa mkoa wa Kilimanjaro hawakusahau mwanzo wa mwaka 2021, nzige wa jangwani walipoingia kaskazini ya Tanzania na kuonekana katika wilaya ya Mwanga, baada ya kuiharibu Kenya, Ethiopia na Somalia. Wazee walishangaa walitoka wapi, maana nzige hao walikuwa hawakuonekana huku kwa miaka mingi. Jibu ni kwamba nzige wa jangwani huwapo kila mwaka katika nchi kavu za kaskazini, ila anaishi peke yake, ana rangi ya kijani au ya mchanga, anaruka usiku na kuwakwepa wenziwe. Boris Uvarov alionyesha mwaka 1921, kwa nzige wa aina nyingine, kwamba wadudu wawili waliodhaniwa kuwa mbalimbali walikuwa mmoja katika hali mbili. Mvua ikinyesha jangwani nzige huzaliana; majani yakianza kukauka husongamana penye majani machache yaliyobaki; na hapo hugeuka.

Kitu gani huwageuza? Mwaka 2009 wataalamu wa Uingereza na Australia walitangaza jibu. Nzige mpweke akiguswa-guswa mapaja ya miguu ya nyuma, kama vile anavyosukumwa na wenziwe katika msongamano, kiasi cha serotonini katika vifundo vya mishipa ya fahamu vilivyomo kifuani huongezeka kama mara 3, na katika muda wa saa 2 hivi yule aliyekuwa akiwakimbia wenziwe huanza kuwafuata. Wakiizuia serotonini, hageuki hata asukumwe. Serotonini hiyo hiyo imo katika ubongo wa mwanadamu. Mabadiliko ya rangi huja nyuma ya tabia: homoni nyingine ya mfumo wa fahamu, iitwayo korazonini, huleta weusi wa watoto wa nzige wa makundi, na ile homoni ya uchanga huleta ukijani wa yule mpweke.

Viwavi jeshi wana desturi inayofanana na hiyo, na hao ndio adui wa kila siku wa mahindi yetu ya tambarare. Mchagga ana kihamba juu na shamba chini, na shamba la chini ndilo linaloliwa. Kiwavi jeshi akiwa peke yake hubaki kijani wala hatambulikani. Wakisongamana huwa weusi, wakatembea jeshi moja. Hujivua mpaka kufikia hatua ya 6, na sehemu kubwa mno ya chakula chake hula katika hatua mbili za mwisho. Maana yake kwa mkulima ni hii: mashamba mengi hugunduliwa yameliwa wakati viwavi wako karibu kuingia ardhini kuwa mabundo. Mtu hukimbia kununua dawa ya fedha nyingi, akanyunyiza, akaona kesho yake viwavi wametoweka, akaishukuru dawa. Kumbe walikuwa wamekwisha kushiba na kuondoka wenyewe. Kwa hiyo anayetembelea mahindi yake mapema, akayafunua majani kutafuta viwavi wadogo wa kijani, huokoa mahindi na fedha pia. Vilevile mitego yenye manukato ya jike, inayowavuta nondo madume, hutumiwa Tanzania kutabiri ujio wao. Na hapa pana jambo la ajabu: katika jamii ya nondo, homoni ya ubongo inayomwamuru jike atoe manukato ni ile ile ambayo katika viwavi wa aina fulani za jamii hiyo huleta rangi nyeusi.

Wengi huniuliza kuhusu mwarobaini. Mwaka 1959 huko Sudan, Heinrich Schmutterer wa Ujerumani aliona nzige wa jangwani wakila kila jani isipokuwa mwarobaini. Baadaye ilijulikana kwamba mbegu zake zina kitu kiitwacho azadiraktini, ambacho huwakinaisha wadudu chakula na, wakikila, huvuruga kutolewa kwa homoni za ubongo. Kiwavi hafi siku hiyo. Huacha kula, huchelewa, na saa ya kujivua ikifika hushindwa kutoka katika ganda lake. Anayetaka kutumia aponde gramu 50 za mbegu kavu kwa kila lita ya maji, aloweke usiku mmoja, achuje kwa kitambaa na kunyunyiza jioni, kwa sababu jua huiharibu nguvu yake upesi. Asitazamie kuona maiti asubuhi, na asingoje mpaka viwavi wawe wakubwa.

Lakini tahadhari moja ni ya lazima, na ndiyo iliyonifanya nianze kwa habari ya kaa. Siku hizi zinauzwa dawa za kiwandani zinazovuruga kujivua: nyingine huiga homoni ya uchanga, nyingine huiga ekdisoni, nyingine huzuia kufanyika kwa ganda jipya. Husifiwa kwamba hazimdhuru mwanadamu kama sumu za zamani, na kwa sehemu sifa hiyo ni ya kweli, maana sisi hatuna ganda la kujivua. Kaa analo. Dawa zizuiazo kufanyika kwa ganda zimethibitika kuwa ni sumu kali kwa jamii ya kaa na kamba, kwa sababu ile ile iliyozifanya ziwe sumu kwa viwavi. Anayeosha bomba lake la kunyunyizia katika mfongo hapeleki dawa kwa viwavi, kwa maana viwavi hawamo majini. Anaipeleka kwa kaa, kwa wadudu wa majini ambao ni chakula cha samaki, na kwa jirani aliye chini yake achotaye maji yale yale. Maji ya kuoshea yamwagwe ndani ya shamba lililonyunyizwa, mbali na mfereji.

Mwalimu atakayependa kuwaonyesha wanafunzi wake jambo hili hahitaji maabara. Achukue viwavi wachache wadogo kutoka kwenye kabichi au mahindi, awaweke katika chupa pana, afunike kwa kitambaa chepesi, na kubadili majani kila siku. Baada ya siku chache kiwavi mmoja ataacha kula na kutulia mahali pamoja, wala asisumbuliwe, kwa maana hiyo ndiyo saa ambayo homoni zinafanya kazi. Nyuma ya kichwa chake ngozi itavimba, kisha itapasuka, naye atatoka na kichwa kipya kikubwa kuliko cha kwanza. Kichwa cha zamani huanguka chini kikiwa kitupu na kikavu, kidogo kuliko punje ya mtama. Wanafunzi wavikusanye vichwa hivyo na kuvibandika katika karatasi kwa tarehe zake, kuanzia kidogo mpaka kikubwa. Kwa kuvihesabu watajua kiwavi wao ameipokea amri mara ngapi.